Plasma ya watoto wenye Burkitt: uvimbe umenywea, virusi bado vinasoma juu

Mtafiti_Kla: Habari zenu wanamaabara. Tunapima DNA ya virusi vya Epstein-Barr (EBV) kwenye plasma (maji ya damu yasiyo na chembe) ya watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe ambayo mara nyingi huvimbisha taya, kabla ya kemo na baada ya kila awamu. Damu hutoka Gulu kwa basi, na huzungushwa kwenye sentrifuji ili kutenga plasma ikifika Kampala kesho yake. Mtoto ambaye taya limerudi kawaida anasoma virusi vingi. Mwingine mwenye uvimbe mkubwa anasoma sifuri. Tubadilishe vitendanishi (kemikali za kipimo)?

Pipeti: Vitendanishi viacheni kwanza, ndugu. Damu ikilala njiani, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga DNA yake kwenye plasma. Huku kwetu karibu kila mtoto huambukizwa EBV akiwa mdogo, kwa hiyo baadhi ya chembe hizo zimebeba virusi vilivyolala. Mnachosoma ni chembe zilizopasuka, si uvimbe.

Zungusheni hukohuko Gulu ndani ya saa 4: 1,600 g (nguvu ya mzunguko, si gramu), dakika 10. Chota plasma ukiacha kama nusu sentimita juu ya utando mweupe (tabaka la chembe nyeupe). Tamaa ya tone la mwisho ndiyo inayoharibu kazi. Mrija mpya, 16,000 g, dakika 10 tena, kisha gawa nusu ml nusu ml kwenye friza ya nyuzi −80.

Mtafiti_Kla: Sentrifuji ya kule ni ndogo, tunaiweka 3,000.

Pipeti: 3,000 ni mizunguko kwa dakika, si g. Pima toka katikati ya rota hadi kitako cha mrija: ikiwa sm 10, mnapata g 1,000 tu. Pandisheni hadi 3,780. Mzunguko wa pili ufanyike Kampala, plasma isafiri kwenye barafu, ila isigandishwe kabla ya huo mzunguko.

Dada Maabara: Kuhusu sifuri, angalieni rangi ya vizibo vya mirija ya damu. Kijani ni heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), nayo huzuia PCR, kipimo kinachonakili DNA mzunguko baada ya mzunguko; takeni zambarau, EDTA, kizuia-kuganda kingine. Jaribio rahisi: punguza DNA mara 10. Sampuli safi huchelewa kama mizunguko 3.3 ya PCR. Isipochelewa hivyo, au ikiwahi, kuna kizuizi. Ikiwa hakuna, pimeni EBER (RNA ndogo za EBV) kwenye kipande cha uvimbe, maana Burkitt chache hazina EBV kabisa.

Nesi wa Wodi: Naomba msisahau mtoto mwenyewe. Wa kilo 12 ana damu kama ml 900, na wengi huja wamepungukiwa damu. Ml 3 zinatosha. Wa miaka 8 na kuendelea aulizwe ridhaa yake pia, si mzazi peke yake. Chukueni kabla ya siklofosfamaidi (dawa ya kemo) ya kwanza na muandike saa: uvimbe huu hufa haraka, na DNA yake humwagika kwenye damu.

Mtafiti_Kla: Asanteni sana. Na zile zilizokwisha gandishwa?

Dada Maabara: Pimeni jeni ya beta-globini ya binadamu kwenye kila moja; huonyesha DNA ya chembe zilizopasuka. Ikiwa juu kupindukia, toeni sampuli hiyo kwenye uchambuzi. Msijaribu kuisahihisha kwa hesabu.