Choo cha ploti kikijaa, eti wapangaji ndio wachange?

Wadau wa Kisumu, wenye ploti wa Nyalenda, Manyatta na Obunga wamezidi sasa. Vyumba ishirini, vyoo viwili vya shimo, mvua za Aprili zikianza uchafu unapanda hadi mlangoni, halafu unaletewa ujumbe kwa simu: kila chumba kitoe mia tatu ya gari la kunyonya maji taka. Na ile kodi ya kila mwezi ni ya nini?

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kiko wazi. Ukikodisha sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje, mitaro mikuu, njia za kupitia na vitu vinavyotumiwa na wote ni juu yako wewe mwenye nyumba kuvitunza. Na chumba lazima kifae binadamu kuishi siku mpangaji anapoingia na siku zote atakazokaa humo. Wajibu huo upo hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu na kodi inapitia M-Pesa. Kwa hiyo “hatukuandikiana” si jibu.

Wanajua fika kwa nini shimo linajaa. Nyalenda iko bondeni karibu na ziwa, maji ya ardhini yako juu, na ule udongo mweusi haunyonyi. Shimo fupi lisilojengewa ukuta wala kuinuliwa linaingiwa na maji kutoka pembeni, haijalishi wapangaji ni wangapi. Ukilinyonya leo, mvua ya wiki ijayo inalijaza tena. Linalotakiwa ni shimo lililoinuliwa na kujengewa, au kuunganisha na bomba la maji taka pale linapopita. Hiyo ni gharama ya ujenzi, na ndiyo wanayoikwepa kwa michango yetu. Hapo bado sijataja kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni, na maji yake tunauziwa kwa mtungi!

Huko England, nyumba ya watu watano au zaidi wa familia tofauti wanaotumia choo au jiko moja haikodishwi bila leseni ya halmashauri, na chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51. Kwetu silaha iliyopo ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242. Choo kinachofurika, msongamano na maji machafu vyote vinahesabiwa humo kuwa kero kwa afya. Mwandikieni afisa wa afya ya umma wa kaunti, wapangaji wengi watie sahihi, ambatisheni picha zenye tarehe, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua “haikufika”. Kasoro ikiwa ya ujenzi, notisi ya kurekebisha humwendea mwenye nyumba, si mpangaji.

Wengine wanasingizia ushuru. Hebu tupige hesabu: vyumba 20 kwa 4,000 ni 80,000 kwa mwezi. Ushuru wa mapato ya kodi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, yaani 6,000. Amebaki na 74,000 na bado hana pesa ya choo?

Ukilalamika, kesho yake unakuta kufuli mlangoni au bati limeng'olewa. Huo ni uhuni mtupu. Anayelipa kwa mwezi lazima apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi. Hata ukiwa na deni, vitu vyako vinashikwa na dalali mwenye leseni kwa utaratibu wa sheria, si na msimamizi wa ploti na vijana wake.

Amana mliyonyimwa mnaweza kuidai Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi milioni moja na huhitaji wakili. Bebeni ujumbe wa malipo na picha za chumba siku mliyoingia na siku mliyotoka.

Ila msikate kodi wenyewe ili mlipie choo, isipokuwa amekubali kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Bila hivyo hayo ni malimbikizo, na hapo mmemwitia dalali wenyewe.