Kuku wamegoma kutaga: nibadilishe chakula au niwauze ninunue wapya?

Mamapacha: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Kuku wangu hapa nyumbani Kimara wamegoma kutaga, wiki ya tatu hii. Nilikuwa naokota mayai nane, tisa kwa siku. Juzi moja, jana patupu. Kuna jamaa anataka kuwabeba wote Jumamosi kwa bei ya nyama. Niwauze nichukue mitetea ya Sasso, ile aina ya kuku wa kisasa, au nibadilishe chakula kwanza?

Kipanga77: Kuku wangapi? Aina gani? Umri? Wanakula nini? Umekuja kwa daktari, mgonjwa umemwacha nyumbani.

Bibi Kuku: Marahaba mwanangu. Manyoya yamezagaa bandani? Kuku akipita mwaka na kitu hunyonyoka, na akinyonyoka hatagi, miezi miwili hata zaidi. Ukimuuza sasa unamuuza yuko likizo.

Fundi Banda: Chakula hicho, mimi siulizi umri. Wengi wanamwaga pumba tupu halafu wanadai mayai. Anayetaga anataka protini kama asilimia 16, yaani dagaa na mashudu ya alizeti viwemo. Na chokaa ya mifugo, maana ganda la yai moja tu lina gramu 2 hivi za kalsiamu.

Kipanga77: Wapige antibiotiki ya unga kwenye maji siku tano. Mimi ndiyo dawa yangu.

Bibi Kuku: Dawa ya ugonjwa gani? Hajasema wanaumwa. Na hayo mayai ya siku za dawa mtawapa pacha? Ugonjwa wa mdondo wachanjwe kila miezi mitatu, minyoo watolewe, usiku apitishe tochi kwenye vichanja aangalie utitiri.

Mzee wa Trei: Dada, kabla hujanunua wapya nisikilize. Nilichoka na kuku wangu kama wewe, nikawauza wote, nikaenda kununua arobaini "wa miezi mitano, wiki ijayo wanataga". Wakubwa, wamenona, vilemba vyekundu, nikaona nimeokota. Wiki ya kwanza mayai manne. Ya pili, matatu. Nikabadilisha chakula, nikaweka taa bandani, nikanunua vitamini, wapi! Jirani alipokuja akamgeuza mmoja akacheka: miguu imepauka hadi myeupe, kucha kama za mwewe. Walikuwa vikongwe vya shamba la mayai, wameshatagia wenzangu wee mpaka wakaisha. Mtetea wa aina ile anayeanza kutaga miguu yake ni ya njano. Aliyeniuzia nikampigia simu, hakupokea tena. Tukala mchuzi mgumu hadi Pasaka.

Fundi Banda: Hapo kwenye taa hukukosea. Mchana wetu ni saa 12 hivi, kuku wa mayai anataka 14 mpaka 16.

Mzee wa Trei: Kuku wa bibi yangu waliona taa lini?

Fundi Banda: Na wa bibi yako walitaga mangapi kwa mwaka?

Pwani Kwetu: Jogoo yupo? Bila jogoo hawatagi.

Kipanga77: Aaa mkuu. Jogoo ni wa vifaranga, yai linakuja bila yeye.

Mamapacha: Samahani, umeme ulikatika. Wako 14, chotara, mwaka na miezi saba kama sikosei. Wanakula pumba na mabaki ya jikoni, asubuhi nawafungulia wanazurura.

Bibi Kuku: Wanazurura! Sasa mshike mmoja mmoja, papasa ile mifupa miwili chini ya mkia. Vikipita vidole viwili au vitatu katikati, huyo anataga. Kikipita kimoja kwa shida, amefunga. Halafu wafungie mpaka saa nane mchana watagie bandani, wasifiche mayai huko nje.

Mamapacha: Jamani. Sita wanapitisha vidole. Nyuma ya tangi la maji kuna mayai 17 na mmoja anaatamia, kanidonoa! Ila wanane kweli wamefunga, wawili shingo tupu kabisa.

Pwani Kwetu: Hayo 17 yatie kwenye maji, yanayoelea tupa.

Fundi Banda: Wape dagaa mwezi mmoja kwanza.

Mzee wa Trei: Dagaa bei gani siku hizi? Bora auze wanane, abaki na sita.

Bibi Kuku: Wale wenye shingo tupu usiuze, ndio watakaoanza upya.

Mamapacha: Jamaa wa Jumamosi kashasikia ni wanane, ameshusha bei. Sijui hata nimwambie nini.

Kipanga77: Mwambie asije. Mimi nina wageni Jumapili, wawili unaniachia kwa ngapi?