Mtayarishaji anataka mswada wote kabla ya mkataba, nimpe?

Nzuguni_Mwandishi: Wakuu, nina tamthilia ya sehemu 13, dakika 25 kila moja. Mtayarishaji wa hapa Dodoma anaitaka yote aisome kwanza. Nijilinde vipi?

Kalamu_Kavu: Usimpe yote. Mpe muhtasari wa kurasa mbili tatu na sehemu ya kwanza tu, kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Kabla ya hapo sajili mswada COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda ulichoandika, si wazo. Ukimsimulia mdomoni kwenye chai, umempa bure. Mkataba utaje awamu za malipo, jina lako kwenye filamu, na nani ana haki ya msimu wa pili. Hapo kwenye msimu wa pili ndipo waandishi wengi huliwa.

Mama Skripti: Nakazia. Pia hesabu kurasa: ukurasa mmoja ni kama dakika moja, ila "ng'ombe wanavuka korongo" ni mstari mmoja unaokula nusu siku ya kurekodi. Mtayarishaji mzoefu anaona gharama hapo hapo.

Nzuguni_Mwandishi: Shukrani, dada. Kibali cha Bodi ya Filamu je?

Mama Skripti: Hicho ni cha mtayarishaji. Kiandikwe kwenye mkataba, usije ukatozwa wewe.