Mrejesho: mwanafunzi anayesimulia vizuri lakini kuandika kunamshinda

Walimu wenzangu, niliuliza nimsaidieje mwanafunzi wa Gredi ya 7 ambaye akisimulia kisa darasa zima hutulia, lakini insha yake haivuki mistari michache. Ahsanteni sana kwa ushauri wa kuandika kwa sauti. Gboard, kibodi ya Google ya kwenye simu, inapokea Kiswahili cha kusemwa tangu 2017, basi yeye anasema, simu inaandika. Nukta na koma haituwekei, na majina ya watu huyakosea mno. Kwa hiyo anasomewa maandishi yake na simu, anasikia pa kupumzika, kisha anaakifisha mwenyewe. Hapo ndipo amejifunza zaidi! Insha ya juzi imejaza ukurasa. Kalamu hatujaiacha, maana kwenye mtihani simu haingii.