Filamu ya mzee aliyekataa msiba: serikali ilikuwa na haki kuizuia?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Mwaka 2000 serikali ya Sri Lanka ilizuia filamu ya Kisinhala, Purahanda Kaluwara, yaani giza la usiku wa mwezi mpevu, isionyeshwe kwenye majumba ya sinema. Vita na waasi wa Tamil Tigers vilikuwa vimepamba moto, na Aprili ya mwaka huo jeshi lilikuwa limepoteza kambi ya Elephant Pass. Ikaonekana filamu itawavunja moyo askari. Mwongozaji wake, Prasanna Vithanage, akaenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikamwona ana haki.

Kwangu mimi, kuizuia lilikuwa kosa kubwa.

Ndani ya filamu, mzee Vannihamy, kipofu, analetewa jeneza la mwanawe askari. Limefungwa, halifunguliwi. Kijiji kizima kinalia. Yeye anasema mwanangu hajafa. Fidia ipo, ni yeye tu kuridhia kwenye fomu, na pale nyumbani pesa inahitajika kweli: nyumba ya matofali aliyoianza kijana imeishia njiani. Mzee hakubali. Mwishowe anakwenda kufukua kaburi, na ndani ya jeneza kuna mgomba na mawe.

Anayemwigiza mzee huyo ni Joe Abeywickrama, ambaye watazamaji wa kwao walimjua kwanza kwa vichekesho. Humu hapigi kelele wala hagaragari. Uso umetulia, fimbo mkononi, maneno ya kuhesabu, na bado unamwona mzazi anayevutana na nchi nzima. Tamasha la filamu la Singapore lilimpa tuzo ya mwigizaji bora, na aliistahili.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: mama mwenye kijana mstari wa mbele ataoneshwaje jeneza la mawe? Lakini huyo mama majeneza yaliyofungwa anayaona kijijini kwake, hakuyajulia sinema. Na filamu haimtukani askari. Inamlilia, yeye na baba yake mkulima.

Wanaosema ingesubiri amani, vita viliisha 2009. Miaka tisa mingine wazazi kama Vannihamy wangeambiwa wanyamaze kwa ajili ya nani? Mnaounga mkono zuio, nijibuni hapo.