Majirani Shangani, Mtwara: nyusi za kuchora za maharusi

Mama Nasra: Shikamooni wakubwa. Yule dada anayechora nyusi za kudumu majumbani, maharusi watatu wanataka awachore siku moja hapa sebuleni. Anasema kila mtu anafunguliwa kisindano kipya. Yatosha?

Da Rehema Saluni: Hapana, tazama rangi. Akichovya kwenye chupa, damu ya wa kwanza inamfuata wa tatu. Adondoshe matone mawili matatu kwenye kikombe cha kutupwa, kila mtu chake, na masalio amwage. Najua rangi ni ghali, ila hairudishwi chupani.

Sista Tatu: Homa ya ini B hupita hivyo hivyo. Kirusi chake kikikauka mezani kinaishi siku 7 na zaidi. Watu wanahofia UKIMWI tu, huyu wanamsahau.

Mama Nasra: Rangi ikiwa nzito je?

Da Rehema Saluni: Adondoshe nyingine. Maji asiongeze, hata ya kunywa.

Sista Tatu: Jimbo la New York mwaka 2011 watu walitokwa vipele vya muda mrefu baada ya kuchorwa tatuu. Bakteria Mycobacterium chelonae alikutwa hadi kwenye chupa za wino ambazo hazijafunguliwa. Huyo hasikii dawa za kawaida za vidonda.

Bi Somoe: Na kipini, kile cha kushikia kisindano? Wengi wanakifuta kwa spiriti basi.

Da Rehema Saluni: Shikamoo Bi Somoe. Spiriti haimalizi kazi, na kuchemsha sufuriani pia hakutoshi. Kipini cha chuma kinasuguliwa kwa sabuni na brashi, kinafungwa, kinaingia mashine ya mvuke 121°C kwa dakika 30. Kile kikabati cha taa ya bluu ni pambo. Mimi nasema aje na vipini vya kutupwa.

Sista Tatu: Meza ioshwe kwa sabuni kwanza, maana damu na uchafu huipunguza Jiki nguvu. Kama chupa imeandikwa 3.5%, Jiki kikombe kimoja, maji vikombe sita. Iache dakika 10. Changanya siku hiyo hiyo, ya jana imeshapoa makali.

Da Rehema Saluni: Sasa glavu, hapa ndipo wanapoharibu. Kavaa vizuri, simu inaita, anapokea, anarudi kwenye nyusi. Au anavuta taa. Taa ivishwe nailoni mapema, simu ikae chumba kingine. Akigusa kitu, avue, anawe, avae mpya. Wembe wa mtu mmoja. Na penseli ya kupimia nyusi, hiyo hakuna anayeikumbuka! Kila mtu yake.

Mama Nasra: Visindano vilivyotumika nivitupe wapi?

Sista Tatu: Boksi la usalama, au galoni gumu lenye mfuniko, kisha lipelekwe zahanati. Mfuko wa taka hapana, watoto wanachokonoa.

Bi Somoe: Singo inaanza lini? Harusi Ijumaa ijayo.

Da Rehema Saluni: Ijumaa ijayo?? Magamba yatakuwa ndiyo yanabanduka. Singo na liwa zisiguse nyusi mpaka zipone, wala wasiogelee baharini kwa wiki mbili. Anayepaka mkorogo usoni asichorwe kabisa, ngozi imeshakuwa nyembamba.

Sista Tatu: Wakichorwa hata hivyo: wekundu wa siku mbili ni kawaida. Ukisambaa kuanzia siku ya tatu, usaha au homa, waende zahanati. Wasimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili.

Mama Nasra: Namwambia aje mwezi ujao. Ijumaa watapakwa wanja.