Mjadala: Kikomo cha farasi 100 kwa pikipiki kubwa kirudishwe?

Mtoa mada

Wakuu, hoja ni hii. Ufaransa ilikataza pikipiki yoyote kuzidi nguvu za farasi 100 (kW 73.6) kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi Januari 2016. Muda wote huo Yamaha V-Max, iliyouzwa kwingine ikiwa na farasi 145, ilifika maduka ya Paris ikiwa imekabwa koo. Kikomo kikafutwa kwa pikipiki zenye ABS (breki zisizoruhusu tairi kujifunga), baada ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 168 ya 2013 kuanza kazi. Leo Triumph wanauza Rocket 3 yenye injini ya cc 2458, kubwa kuliko ya magari mengi ya familia. Sasa swali: sheria ile ilikuwa na maana, na irudi? Njooni na hesabu na spana. Matusi hapana.

Krenki

Tuanze na mashine, maana wengi wanabishania namba wasijue inatoka wapi.

V-Max ya 1985 ni V4 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V) ya cc 1198, silinda zimeachana kwa nyuzi 70, kipenyo mm 76, mwendo wa pistoni mm 66. Haikuzaliwa kwenye mbio. Injini ilitolewa kwenye Venture, pikipiki nzito ya safari ndefu, Yamaha wakaongeza ukubwa wa valvu, wakabadili kamu, wakaimarisha krenki. Inapumua kwa kabureta nne za Mikuni za mm 35, kila silinda na yake. Ujanja uko hapa: kati ya mirija ya silinda mbili za upande mmoja kuna kipepeo kinachozungushwa na mota ndogo. Hicho ndicho V-Boost. Chini ya mizunguko 6000 kwa dakika kimefungwa. Kuanzia 6000 kinaanza kufunguka, na kwenye 8000 kiko wazi kabisa. Hapo silinda moja inavuta kwa makoo mawili, kwa sababu jirani yake hanyonyi wakati uleule.

Kwa nini wasikiache wazi tangu mwanzo? Kwa sababu injini ikienda polepole, koo pana linapunguza kasi ya hewa ndani ya kabureta, na hewa ya polepole hainyanyui petroli vizuri kutoka kwenye jeti, yaani tundu dogo la petroli. Injini inakohoa.

Toleo la Ufaransa lilinyimwa V-Boost, likabaki karibu na farasi 100. Ukitafakari utaona kichekesho chake: chini ya mizunguko 6000, V-Max ya Paris na ya Los Angeles ni pikipiki ileile. Na mjini nani anafika 6000?

BrekiKwanza

Krenki, umeeleza vizuri, lakini umetaja injini tu. Ile injini ilikuwa imekaa juu ya nini? Shokapu za mbele zenye mirija ya mm 40, tairi la mbele 110/90-18, la nyuma 150/90-15, na uzito wa karibu kilo 280 ikiwa na mafuta. Kwenye mwendo mkubwa ilikuwa inayumba kama mkia wa samaki, na kila aliyeijua anajua hilo. Yamaha walikuja kuweka mirija ya mm 43 na kalipa za pistoni nne mwaka 1993. Miaka minane! Kiwanda kisingebadili kama kilichokuwepo kilitosha.

Sheria inayosema "breki zenu na fremu zenu hazijafikia farasi 145, rudini kwenye 100" siioni kuwa ya kijinga. Ukitoka km 100 kwa saa kwa breki nzuri na lami kavu unasimama baada ya kama mita 44. Ukitoka km 200 ni kama mita 175, bado sijahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake ni mita 56. Mwendo ukizidi mara mbili, breki zina kazi mara nne.

Kipimo

BrekiKwanza, hesabu yako ya mita ni sahihi, ila inapiga mwendo, na sheria ilipiga nguvu. Hivyo ni vitu viwili.

Chukua VMAX ya 2009, kizazi cha pili cha V-Max: cc 1679, farasi 200, kilo 310 ikiwa na mafuta. Weka mtu wa kilo 90, jumla 400. Tairi la nyuma kwenye lami kavu, hata uzito wote ukihamia kwake, litasukuma kwa takriban newtoni 3900. Ukizidisha hapo tairi linateleza, au la mbele linanyanyuka. Nguvu ni msukumo mara mwendo. Basi:

kwenye km 50 kwa saa, tairi linaweza kutumia farasi kama 74 tu;
kwenye km 100 kwa saa, kama 148.

Kikomo cha farasi 100 kinaanza kuuma baada ya km 67 hivi kwa saa. Kwenye barabara ya mji yenye kikomo cha 50, sheria ile haikupunguza hata robo farasi ya kile tairi linachoweza kubeba.

Sasa njoo barabara kuu ya Ufaransa, km 130 kwa saa. Pikipiki isiyo na kioo cha kukata upepo, mtu amekaa wima, inahitaji chini ya farasi 30 kushikilia mwendo huo. Na ukiipa 100 itafika karibu km 200 kwa saa. Kwa hiyo aliyefungiwa 100 bado anaweza kuvunja sheria kwa km 70. Kilichozuiwa ni ile sehemu ya 200 kwenda juu, ambako hakuna barabara ya umma ya Ufaransa inayoruhusu.

BrekiKwanza

Unakiri basi kwamba kilizuia kitu. Na sehemu uliyoidharau, kati ya km 67 na 130, ndiyo barabara za vijijini, za njia mbili, zenye trekta na kona. Pale ndipo mtu anapolipita lori. Farasi 200 zinamfikisha mwendo asioweza kuusimamisha kabla hajamaliza kufikiri.

Kipimo

Au zinamtoa upande wa pili wa barabara mapema. Hoja hiyo inakata kuwili, tuiache.

Nitaongeza jambo moja la kumbukumbu: taarifa ya TNO, taasisi ya utafiti ya Uholanzi, ya 1997, iliyoagizwa na Tume ya Ulaya, haikupata ushahidi kwamba kikomo cha kW 74 kinapunguza ajali. Na Ujerumani, ambako waingizaji walijiwekea farasi 100 kwa hiari, waliachana nacho mwishoni mwa miaka ya 1990. Japani nayo ikaacha kikomo chake cha hiari mwaka 2007.

BrekiKwanza

Kutopata ushahidi si kupata ushahidi wa kinyume, mkuu. Wanaonunua pikipiki hizi ni wachache na umri wao ni mkubwa. Ukiwa na wachache hivyo, takwimu zinanyamaza hata kama tatizo lipo.

Mama Gia

Mnapigana kwenye karatasi, mimi nizungumze la karakana. Ubaya mkubwa wa kikomo kile ulikuwa biashara iliyozaa: kufungua pikipiki kwa siri, yaani kuirudishia nguvu iliyokatwa. Pikipiki iliyofunguliwa haikuwa tena ile iliyoandikwa kwenye kadi, hivyo ikitokea ajali bima ilikuwa na sababu ya kukwepa. Na kwa kuwa kazi ilikuwa ya siri, ilifanywa na yeyote mwenye spana.

Yanayoharibika ni haya. Fundi anafunga mirija yenye vipepeo, anafunga mota na waya zake mbili za kuvuta, hapimi kama pande zote mbili zinafunguka pamoja. Upande mmoja unatangulia, pikipiki inashtuka na kulegea kwenye mizunguko 6500. Au mpira wa maungio haukukaa, hewa inaingia pembeni. Dalili yake: injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kuvutwa mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na kusawazisha kabureta hakushiki, kwa sababu silinda mbili zinaibiana hewa. Wengine wanaongeza hewa wasiguse jeti kuu. Mchanganyiko unakauka (hewa nyingi, petroli kidogo) kwenye mizunguko ya juu kabisa, plagi zinatoka nyeupe, injini inaanza kugonga, na pistoni inayeyuka ukingoni. Mwenye pikipiki anasema "Yamaha mbovu".

Halafu gia ya pili. Hiyo ni ugonjwa unaojulikana wa V4 hii. Meno ya kushikia gia yakishakuwa mviringo kwa kubadilishwa kwa nusu mguu, gia inaruka ukiwa umevuta mafuta. Nguvu zikiongezwa inaruka mapema zaidi. Kuitibu lazima injini itoke na krenkikesi ipasuliwe. Hakuna dawa ya chupa. Fundi mzuri anakata meno upya yawe na mteremko wa kurudi ndani, ili mzigo uyavute yashikane badala ya kuyasukuma yaachane.

Klachi nayo. Springi yake ni ya sahani moja, ikizeeka klachi inateleza kwenye gia ya nne na ya tano. Mafundi wanaongeza sahani ya pili juu yake. Inafanya kazi, ila mkono wa kushoto utaujua.

Krenki

Dada Mama Gia amemaliza. Mimi nirudi kwenye Rocket 3, kwa sababu ndiyo inayovunja kabisa wazo la kuhesabu farasi.

Ina silinda tatu, kipenyo mm 110.2, mwendo mm 85.9. Toleo la 2020 lilikuwa na farasi 167 kwenye mizunguko 6000, lakini msokoto (nguvu ya kuzungusha) ulikuwa Nm 221 kwenye 4000. Farasi ni msokoto mara mizunguko. Hata ikitoa Nm 221 hizo kwenye mizunguko 3000, hizo ni kW 69, yaani farasi 94. Iko ndani ya sheria! Ukiifungia 100, utakuwa umeikata juu ya mizunguko 3200 hivi, na chini yake itabaki na msukumo wake wote, ule unaotokea mtu anapovuta mafuta kwenye taa za barabarani. Wakati pikipiki ya mbio ya cc 600, yenye farasi 115 kwenye mizunguko 13,000, inakatwa ingawa chini ya 5000 ni mpole kama punda.

Ndiyo maana nasema mbunge aliyeandika "100" alichagua namba kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Na angalieni Yamaha wenyewe walivyofanya mwaka 2009: waliziacha farasi 200 zibaki, wakaweka kizuizi cha kompyuta kwenye km 220 kwa saa, ABS, shokapu za mm 52 na kalipa za pistoni sita. Walifunga mwendo, hawakugusa nguvu.

Msafiri wa Lyon

Kwa faida ya walioko nyumbani, niseme Ulaya imeweka nini badala yake, kwani kikomo hakikufa. Kilihamia kwenye leseni. Leseni ya A2, ngazi iliyo chini ya A kamili, inaruhusu kW 35, si zaidi ya kW 0.2 kwa kila kilo, na pikipiki isiwe imepunguzwa kutoka kwenye mashine ya zaidi ya kW 70. Sehemu hiyo ya mwisho ni muhimu: huwezi kuchukua VMAX ukaibana hadi kW 35. Ufaransa tangu Juni 2016 ni kali zaidi: hata ukiwa na miaka 40 unaanza na A2, unakaa miaka miwili, kisha mafunzo ya saa saba, ndipo unapata A kamili.

Dereva Nakuru

Na huku Kenya, A2 ni pikipiki yoyote ya zaidi ya cc 50. Herufi ni ileile, maana ni mbingu na ardhi. Mtu aliyefanya mtihani kwa cc 125 anaruhusiwa kesho asubuhi kupanda Rocket 3. Mkibishana kuhusu Ufaransa, kumbukeni sisi hatuna ngazi hata moja katikati.

BrekiKwanza

Hapo nakubali na nalegeza kamba: ngazi ya leseni ni bora kuliko namba moja kwa wote. Lakini hamjanijibu kuhusu mashine za zamani. V-Max za 1985 hadi 1992 bado zinauzwa, nyingi zimefunguliwa, na haziwezi kuwekewa ABS. Leseni haigusi shokapu ya mm 40. Ninyi wapinzani wa kikomo mnataka hizo zikaguliwe vipi?

Mama Gia

Zikaguliwe kabla ya kubadilisha jina kwenye kadi. Kazi ya nusu saa, haihitaji mashine ya kupimia farasi:

Nyanyua tairi la mbele, geuza usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukihisi inakaa kwenye tundu katikati, beringi za usukani zimeisha, na huo ndio mwanzo wa kuyumba. Kisha shika shokapu chini, vuta mbele na nyuma. Zikicheza, kaza au badilisha.

Toa kifuniko cha tangi bandia. Ndiyo, lile la mbele si tangi. Tangi la lita 15 liko chini ya kiti, na kule mbele kuna boksi la hewa. Toa boksi hilo, angalia mirija: ina vipepeo au haina, na mota inavuta pande zote mbili sawa?

Pima betri injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 na zaidi. Isipofika volti 14, angalia kiungio cha waya tatu kutoka kwenye koili za kuchajia. Ukikuta plastiki imeungua, kata kiungio, unganisha waya kwa risasi ya kulehemu. Umeme ukikatika kwenye mwendo, huo nao ni ajali.

Mipira ya breki ikiwa na tarehe ya kiwandani ya miaka ya 1980, isitoke karakana. Badilisha kwa mipira yenye wavu wa chuma, mafuta ya breki DOT 4 mapya, na upime tena kama mpini unabaki mgumu baada ya dakika moja ya kuushikilia.

Tairi zenye umri zaidi ya miaka sita hata kama kashata (meno ya tairi) ni nzima, hapana.

BrekiKwanza

Na nani anamlipa mkaguzi?

Mama Gia

Muuzaji. Anayeuza farasi 145 ana hela ya mipira miwili.